Muulize Fundi: Wi-Fi ya mtaa ni jela?

SWALI: Shikamoo Fundi. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mtwapa. Mmoja wetu ana intaneti ya waya kwao, nasi twataka kuirusha kwa Wi-Fi hadi madrasa na sokoni, watu walipe kidogo kidogo. Jirani anatutisha eti kutumia masafa bila leseni ni jela. Kweli? – Katibu

JIBU: Marahaba, Katibu. Jirani amechanganya mambo mawili. Masafa ya Wi-Fi, yaani mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 na 5, hayana mwenyewe. Marekani ilianza kuyafungulia watu mwaka 1985, wakati ambapo hiyo 2.4 ilijulikana zaidi kwa kupasha chakula kwenye maikrowevu. Ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ikiwa imeidhinishwa na nguvu yake haipiti kiwango, hamlipii masafa hata senti.

Kuuza intaneti ndiko kunakotaka leseni. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni ya mitandao inayoendeshwa na wenyeji wasiotafuta faida, ndani ya kaunti ndogo moja. Ombeni hiyo.

Na huyo mwenzenu asome mkataba wake. Mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani inakataza kuuzia wengine, na hapa ndipo vikundi hukwama, wala si kwenye masafa. Nunueni laini ya intaneti inayoruhusu kugawa. Ndiyo, ni ghali.

Kutoka nyumbani hadi madrasa tumieni gigahezi 5, vidishi viwili vinavyotazamana. Vitazamane kweli! Makuti yaliyolowa mvua hula mawimbi, kwa hivyo mlingoti upite minazi. Viungio vya nyaya mvifunge vizuri, chumvi ya bahari haina huruma. Sokoni simu nyingi za bei nafuu zinashika 2.4 tu, na kwenye 2.4 kuna chaneli, yaani vipande vya masafa, tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Kila kibanda chenye ruta kimekalia mojawapo. Mawimbi yenu yakiingiliwa hamna pa kushtaki, maana aliyeyaingilia ana haki sawa na yenu.

Kule Kibera, Nairobi, mtandao wa wenyeji uitwao TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana kwa njia hii hii. Nanyi ningewashauri muanze na madrasa, soko lingoje. Shilingi kumi kumi za sokoni huvunja vikundi haraka kuliko mvua.

Cheti cha usajili wa kikundi mnacho? Kama hamna, msinunue hata kidishi kimoja kwanza.