Maswali ya Wasomaji: Tangi la Kijiji, Kitalu cha Matete na Tope Linalosahauliwa

SWALI: Kijijini kwetu kuna nyumba 40, watu kama 200. Tangu tuvute maji ya bomba, majitaka ya bafuni na ya vyoo vya kumwaga yanatiririka njiani. Tumekubaliana kuchimba wenyewe tangi moja la septiki (la kutulizia majitaka) na, upande wa chini wa mteremko, kitalu cha matete, yaani kitanda cha kokoto kilichopandwa matete ambamo maji ya tangi hupita yasafike. Fundi anasema tangi la mita za ujazo 10 linatosha. Ni kweli?
Katibu wa kamati ya maji

JIBU: Halitoshi, ndugu katibu, na tumefurahi umeuliza kabla jembe halijagusa ardhi. Fundi wenu amepiga hesabu ya maji, akaliacha tope. Mtu akitumia lita 50 kwa siku, takriban asilimia 80, yaani lita 40, hutoka kama majitaka. Kwa watu 200 ni lita 8,000, sawa na mita za ujazo 8 kila siku, na maji hayo yanahitaji kutulia tangini siku nzima ili uchafu mzito uzame na mafuta yaelee. Mpaka hapo fundi yuko sawa. Lakini kila mtu huacha tangini tope la hadi lita 40 kwa mwaka. Watu 200 kwa miaka 3 wanaacha mita za ujazo 24. Jumla ni 32, na sehemu kubwa ya tangi hilo ni ya tope.

Chimbeni basi tangi lenye kina cha maji cha mita 2, upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 6.4, na juu ya maji ibaki nafasi ya sentimita 30. Ukuta wa kati uligawe ili chumba cha kwanza kipate theluthi mbili. Bomba la kuingizia liwe juu kuliko la kutolea kwa sentimita 7 hivi, na yote mawili yafungwe kiungio cha tii, chenye umbo la herufi T. Mguu wa tii ya kutolea uzame kiasi cha theluthi moja ya kina cha maji, kwa sababu huko ndiko kuna maji yaliyo safi kidogo, kati ya tope la chini na utandu wa juu. Kila chumba kiwe na mfuniko wake, na tangi liwe na bomba la hewa. Kabla ya kuunganisha nyumba yoyote lijazeni maji. Saruji mpya hunywa maji, kwa hiyo siku ya pili ongezeni, wekeni alama, kisha pimeni baada ya saa 24. Yakishuka tena, tangi linavuja, lirekebisheni kwanza.

Kitalu nacho, penye joto, hesabuni mita za mraba 2 kwa kila mtu baada ya tangi. Penye baridi mtahitaji zaidi. Kwenu ni mita za mraba 400, na tunawasihi mzigawe katika vitalu viwili vinavyolishwa sambamba, ili kimoja kikipumzishwa kingine kiendelee na kazi. Kila kitalu kiwe na upana wa mita 20 na urefu wa mita 10 tu kuelekea maji yanakokwenda. Wengi huchimba kinyume, kirefu na chembamba kama mfereji. Uchafu hunasa mita ya kwanza. Mlango wa maji ukiwa mwembamba huziba upesi.

Sakafu ishuke sentimita 10 kutoka mlango hadi mwisho, itandikwe plastiki nene au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Mlangoni na mwishoni wekeni mawe ya milimita 40 hadi 80, katikati kokoto za milimita 10 hadi 20, kina sentimita 60, na uso uwe sawa kabisa. Maji yakae sentimita 10 chini ya uso huo, mbu wasipate pa kuzalia. Kimo hicho mtakirekebisha kwa bomba la kutolea lenye elbo (kiungio cha kona) inayozungushwa ndani ya chemba ya mwisho. Kwa vipimo hivi maji hukaa kitaluni siku 8 au 9. Pandeni matete au mafunjo, miche 4 kwa mita ya mraba. Käthe Seidel wa Ujerumani alianza kuchunguza mimea hii katika miaka ya 1950, lakini tusiipe sifa zote: kazi kubwa hufanywa na bakteria walioganda kwenye kokoto.

Jambo moja zaidi: maji ya mvua ya mapaa yasiingie kabisa kwenye mabomba haya. Mvua moja kubwa hulivuruga tope na kulisukuma lote kitaluni.

SWALI: Kitalu chetu kina miaka mitatu. Sasa mbele pana dimbwi linalonuka, ilhali matete ya mwisho yanakauka. Tuongeze kokoto?
Msimamizi wa kitalu

JIBU: Msiongeze. Kokoto mpya zitalifunika dimbwi, na chanzo kitabaki. Funueni chumba cha kwanza cha tangi, chukueni mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe, uzamisheni polepole hadi chini, muusubiri dakika chache, kisha muutoe. Sehemu iliyopakwa weusi ndiyo kina cha tope. Tope na utandu vikifika nusu ya kina cha maji, tangi linahitaji kupakuliwa, na kwa dalili mlizotaja huenda lilihitaji zamani. Angalieni pia tii ya kutolea: ikichomoka, utandu wa juu hukimbilia kitaluni moja kwa moja.

Tangi likishapakuliwa, pumzisheni kitalu wiki kadhaa kama mna cha pili. Dimbwi lisipoondoka, chimbueni kokoto za mita ya kwanza, zioshwe na kurudishwa. Kama tope halikufika hata robo, basi kokoto ziliwekwa na vumbi lake. Tieni konzi chache kwenye ndoo ya maji safi na mkoroge: maji yakigeuka matope, ndilo jibu lenu. Zile poda zinazosemekana kuyeyusha tope haziondoi haja ya kupakua. Fedha hiyo iwekeni kwenye mfuko wa upakuaji.

SWALI: Maji yanayotoka yanaonekana safi. Tumwagilie mchicha?
Mkulima

JIBU: Hapana. Macho hayaoni mayai ya minyoo wala vimelea vya kuhara. Yapelekeni kwenye miti ya matunda, kwa mfereji au bomba la chini, si kwa kurusha juu.

SWALI: Tope likitolewa tulipeleke wapi? Vijana wako tayari kuingia tangini na ndoo.
Mama mwenyekiti

JIBU: Tafadhali, mama, asiingie mtu yeyote, hata tangi likionekana tupu. Gesi ya haidrojeni salfaidi huua kwa pumzi chache, na ikizidi pua haiisikii tena. Anayeruka kumwokoa mwenzake hufa naye. Litolewe kwa pampu mkiwa juu, mwenye glavu na buti, bila sigara wala moto karibu, kwani humo mna methani, gesi inayowaka. Bakizeni tope kidogo chini ili bakteria waendelee.

Pa kulipeleka pawe tayari kabla ya siku hiyo: kitanda cha kukaushia chenye kokoto chini na mchanga wa sentimita 20 hadi 30 juu, mbali na kisima kwa angalau mita 30 na upande wa chini yake. Mwageni tabaka la sentimita 20 hadi 30 kwa mara moja. Maji yanayochuruzika chini yarudishwe tangini. Tope likipasuka na kuinuka kwa koleo, lirundikeni pasiponyeshewa mvua kwa mwaka mzima penye joto, miaka miwili penye baridi, bila kuongeza bichi juu yake. Ukiongeza ndoo moja tu, hesabu ya miezi inaanza upya.