Mleta uzi, usimnyang'anye mumeo mtoto

Mdogo wangu, umeandika kwamba mumeo "hajui kushika mtoto", kwa hiyo alale sebuleni mpaka mtoto afike miezi 6, na mama yako ndiye amwogeshe. Acha kabisa. Godoro lake lirudi chumbani leo.

Nimepita huko kwa mtoto wa kwanza. Baba yake akimvalisha, namvua namvalisha upya. Akimwogesha, nimesimama mlangoni: maji ya moto hayo, shika shingo, siyo hivyo! Mtoto akilia kidogo nishamchukua. Yule bwana hakugomba. Alianza tu kuchelewa kurudi, akifika anauliza "mtoto kalala?" halafu anawasha televisheni. Mimi huku nawaambia mashoga zangu wanaume hawana habari na watoto.

Ikaja kunitokea puani nilipolazwa kwa upasuaji. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea. Baba yake hajui anakula uji gani, anabembelezwa vipi, dawa yake ya kifua iko wapi. Mtoto akamkataa, akalia usiku kucha mlangoni akiniita hadi majirani wakaja kugonga. Mume wangu akanipigia simu wodini analia: "Mke wangu, mwanangu mwenyewe ananiogopa." Sijawahi kumsikia akilia kabla ya siku ile wala baada yake.

Na aliyenijaza ujinga ni shangazi mmoja aliyekuja kunikanda siku za arobaini. Eti mwanamume hashiki kichanga, atamvunja shingo. Eti anayefua nepi kalishwa limbwata! Madaktari wanaume wanapasua watu vichwa pale MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, leo kichanga cha kilo 3 ndicho kiwashinde? Chekeni mkitaka, mimi hasira haijaisha.

Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba 3. Wewe unazidi kuwa fundi, yeye yuko kazini, halafu unamcheka hajui! Marekani, watafiti Allen na Hawkins waliandika mwaka 1999 kuhusu akina mama wanaolinda lango namna hii, baba asimfikie mtoto. Ndio hao hao waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani na za watoto saa 5 zaidi kwa wiki kuliko wanaoshirikiana na waume zao. Unajichosha mwenyewe.

Mume mlevi au mwenye mkono mwepesi simzungumzii hapa. Wako umesema ni mpole. Basi shika hili: ukimkabidhi mtoto, TOKA chumbani. Mwelekeze mara moja yale ya hatari, ajaribu maji kwa kiwiko, ashike shingo, amlaze chali. Baada ya hapo usirekebishe kitu. Pampasi ikikaa upande itavuja, naye atabadilisha. Mtoto akilia, nenda uani ukaanike nguo, usirudi hadi akuite. Wa pili tulimlea hivyo, na kuoga jioni mpaka leo anamtaka baba.

Uliuliza pia habari za kukamua maziwa na kurudi kazini, wadau wengine watakujibu. Mimi njoo uniambie kesho nani kamwogesha mtoto.