Si kila "mark" ni alama

Wewe unayeanza kazi ya tafsiri, kuna neno la herufi nne lililoniumbua mwaka wangu wa kwanza: mark. Nilipewa mchezo wa kuigiza wa zamani wa Kiingereza niutafsiri kwa ajili ya wanafunzi. Mle ndani bwana anamuuliza mtumwa ziko wapi zile "thousand marks" alizompa. Mimi bila wasiwasi nikaandika "alama elfu moja". Mhariri wangu, mzee wa maneno machache, akapiga mstari chini yake na kuandika pembeni: "Kwani walikuwa na mtihani?"

Mark ile ni pesa. Mwanzo ilikuwa kipimo cha uzito wa dhahabu na fedha, kisha kule Uingereza ikawa hesabu ya shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni. Huko hata sarafu yake haikuwapo. Ilikuwa pesa ya kwenye daftari tu. Na Shakespeare, maana mchezo wenyewe ni The Comedy of Errors, hakuishia hapo. Mtumwa anajibu kwamba marks anazo: za bwana ziko kichwani, za bibi ziko mabegani, ila zote pamoja hazifiki elfu. Anasema alama za kipigo! Siku mbili nilihangaika na mzaha huo, mpaka nikakumbuka neno chapa. Fedha ina chapa, na aliyechapwa naye ana chapa mwilini. Nikaandika "fedha elfu zenye chapa", mengine yakajipanga yenyewe.

Tangu hapo nikaanza kulichimba neno hili. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa mearc, na maana yake kubwa ilikuwa mpaka. Ile ya alama, yaani jiwe au mti unaoonyesha mpaka ulipo, ilikuwa bega kwa bega nayo. Ndiyo sababu landmark katika maandishi ya zamani si jengo maarufu la kupigia picha. Ni jiwe la mpaka, lile ambalo wapima ardhi wetu huliita bikoni, na Biblia inakataza kulisogeza. Ufalme wa kale wa Mercia, huko Uingereza, ulipata jina kutokana na watu wa mpakani. Hata march lina undugu huo: ukikuta "the Welsh Marches", usiandike Machi wala matembezi, ni nchi ya mpakani kati ya Uingereza na Wales. Na marquess, cheo tunachokizoea kwenye hadithi za makabaila, alikuwa bwana aliyekabidhiwa kulinda mpaka.

Likiwa kitenzi, mark huwa ni kuangalia kwa makini. Soma Julius Caesar ukiwa na tafsiri ya Mwalimu Nyerere mkononi, Juliasi Kaizari, utaona mara ngapi wasemaji wanaambiana "mark", na hakuna anayeshika kalamu. Ni tazama, zingatia, shika neno langu. (Jina la Mark Antony halihusiki kabisa. Hilo ni Marcus la Kilatini. Nimewahi kuona mtu akilitafutia maana ya mpaka, nikamhurumia.)

Tena kuna mark ya mpiga mishale, yaani shabaha. Paulo akiwaandikia Wafilipi, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema anakaza mwendo kuelekea "the mark". Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union hawakuandika alama, waliandika mede, yaani mwisho wa mbio. Neno moja dogo, limekaa mahali pake. Kila nikilisoma naona wivu kidogo.

Hapo marksman anaonekana rahisi, mlenga shabaha hodari. Sawa, lakini katika hati za karne zilizopita anaweza kuwa mtu asiyejua kuandika, aliyetia saini kwa kuchora msalaba. Karani aliandika jina lake, na kando ya ule msalaba akaongeza "his mark". Ukikutana na wosia wa namna hiyo, mfikirie bibi yako akitia dole gumba, kisha utafsiri.

Score, neno jingine linalokushawishi uandike alama, nitaipitia haraka. Asili yake ni pengo lililokatwa kwenye kijiti cha kuhesabia, ndipo likazaa ishirini, likazaa deni, na mwishoni bao la mpira. "Threescore and ten" ni sabini, basi. Vijiti vyenyewe vya hazina ya Uingereza vilichomwa mwaka 1834, moto ukawashinda, ukateketeza Bunge.

Kwa hiyo kabla hujaandika alama, jiulize nani aliitia, juu ya nini, na ili nani aione. Kwenye ngozi iliyopona ni kovu. Kwenye nguo nyeupe ni doa au waa. Mbele ya mwalimu ni maksi. Ng'ombe aliyechomwa kwa chuma ana chapa. Usoni mwa babu zetu palikuwa na nembo, kabla neno hilo halijahamia kwenye barua za makampuni. Na kwenye marobota ya mfanyabiashara wa zamani nimewahi kuandika rajamu, yaani chapa ya mwenye bidhaa. Mhariri wangu alilipigia mstari hilo pia, akaandika pembeni: "Umelitoa wapi hili? Liache hapo hapo."