Kitanzi kando ya waya: swali lililonitoa machozi

Juzi mwanafunzi wa kidato cha sita kaniandikia: "Kaka, mkondo kwenye kitanzi upande mmoja unapanda, upande wa pili unashuka. Mbona kani haiwi sifuri?" Anazungumzia kitanzi cha waya cha umbo la mstatili, chenye mkondo wa umeme, kilicholazwa kando ya waya mrefu mnyoofu wenye mkondo pia; kani ni ule mvuto au msukumo wa sumaku ambao kitanzi kinaupata. Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Swali hilo nalijua kwa uchungu wake.

Kwenye mtihani wa utamilifu niliandika "sifuri", nikapigia mistari miwili kwa rula. Mwalimu alisoma jibu langu mbele ya darasa zima. Kile kicheko bado nakisikia.

Nilikuwa nimekariri kwamba kitanzi kikiwa ndani ya uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi) ulio sawa kila mahali, kani zote zinafutana. Ni kweli. Ila uga wa waya mnyoofu hauko sawa: umbali ukiongezeka mara mbili, uga unabaki nusu. Hapo ndipo nilipoanguka.

Chukua waya wenye mkondo wa ampea 10 na kitanzi chenye mkondo wa ampea 5. Upande wa karibu uko sentimita 2 kutoka kwenye waya, wa mbali sentimita 10, kila mmoja una urefu wa sentimita 20. Wa karibu unapata kani ya nyutoni 0.0001, wa mbali 0.00002 kwa mwelekeo wa kinyume. Pande mbili zilizobaki zinafutana zenyewe. Inabaki 0.00008, na kama mkondo wa upande wa karibu unafuata mwelekeo wa ule wa waya, kitanzi kinavutwa.

Likizo ile nilikata vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini, nikavining'iniza sambamba, nikagusisha betri kwa sekunde moja tu. Mikondo ikielekea upande mmoja, vikasogeleana. Nikageuza mkondo wa kipande kimoja, vikakimbiana! Mwanafizikia Mfaransa Ampère alilionyesha jambo hilo Paris mwaka 1820. Mimi niliona kwenye meza ya mama, jikoni, machozi yakanilenga.

Ndugu zangu, acheni kukariri. Choreni. Chora mishale ya mkondo kabla hujaigusa fomula, andika umbali wa kila upande, kisha chora tena. Anayekimbilia fomula anajidhulumu mwenyewe, na mitihani haina huruma.

Wewe uliyeniandikia, mdogo wangu, sasa geuza mkondo wa kitanzi peke yake. Nyutoni ni zilezile 0.00008, ila kitanzi kinasukumwa mbali na waya. Chora mishale minne, unitumie picha.