Barua kwa mwanangu: Chausiku, sukari yake na hii saratani

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliupata jana baada ya Isha, nikaulaza mpaka asubuhi kwa makusudi, maana mambo ya dawa siyajibu na usingizi machoni. Hapa Tanga wote wazima, ila baba yako na goti lake.

Umeuliza mawili. Kwanza, daktari wa wanyama hapo Leicester ameona kwa altrasaundi kwamba ukuta wa utumbo wa paka wako Chausiku umenenepa, anashuku limfoma, ile saratani ya chembe za kinga ya mwili. Je, umtibu, au umwache na sukari yake mpaka Mungu amchukue? Pili, hizo steroidi alizozitaja, dawa za kutuliza uvimbe, hazitamharibia sukari? La pili ni rahisi, nianze nalo.

Zitamharibia, ndiyo. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hulifanya ini limwage sukari kwenye damu, na mwili uikatae insulini. Nilipokuwa kliniki ya kisukari tuliwaona wengi wa namna hiyo: mtu sukari yake imetulia miezi, anapewa prednisoloni kwa ajili ya pumu, wiki haijaisha anarudi midomo imekauka, anakojoa usiku kucha. Mimi ni muuguzi wa watu, si wa paka, lakini kisukari cha paka mara nyingi kinafanana na kile cha wazee wetu, ambapo shida kubwa ni mwili kuikaidi insulini. Kumwongezea steroidi mgonjwa wa aina hiyo ni kufua maji ya ngalawa huku mwenzio anatoboa tundu. Utapandisha dozi, utamtoboa sikio kupima mara nyingi zaidi, na bado sukari itakusumbua.

Ila hiyo si sababu ya kukataa matibabu. Ni sababu ya kumwuliza daktari kuhusu budesonaidi. Nayo ni steroidi, lakini inafanya kazi yake zaidi kwenye ukuta wa utumbo, na sehemu kubwa ya inayonyonywa huvunjwa na ini kabla haijasambaa mwilini. Sikuambii kwamba haigusi sukari kabisa. Inaigusa kwa kiasi kidogo kuliko mwenzake. Na kama Chausiku atapewa steroidi ya aina yoyote, shika hili: siku inapopunguzwa au kuachwa, mahitaji yake ya insulini yanashuka. Usipopunguza insulini, sukari itaanguka. Sukari kupanda humchosha mgonjwa kwa siku nyingi, lakini ikianguka inaweza kumuua usiku mmoja. Asali uiweke karibu, umpake kwenye fizi ukimwona anayumba au analegea, kisha ndipo upige simu. Na asubuhi asipokula, usimchome dozi yake nzima kwa mazoea, uliza kwanza.

Sasa la kwanza. Umeniandikia "limfoma ya utumbo" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mawili yanayotumia jina moja. Kuna ya chembe ndogo, inayokwenda polepole, na kuna ya chembe kubwa, inayokwenda mbio. Ile ya chembe ndogo hutibiwa kwa vidonge nyumbani, paka wengi huitikia, na wanaoitikia mara nyingi huishi miaka miwili au zaidi. Ya chembe kubwa inataka dawa kadhaa za mshipani, kwenda hospitali mara kwa mara, na hata ikienda vizuri kwa kawaida unahesabu miezi. Altrasaundi haiwezi kukutenganishia hizo mbili kwa uhakika. Wala haiwezi kukuhakikishia kwamba ni saratani, maana utumbo wa paka hunenepa pia kwa uvimbe wa kawaida usiokwisha, usio saratani, na uvimbe huo na limfoma ya chembe ndogo vinafanana mno.

Kwa hiyo swali lako halina jibu mpaka achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo cha kupimwa maabara. Najua hapo ndipo unapoogopa, kwa sababu ya nusu kaputi na umri wake, miaka kumi na mitatu. Woga wako una haki. Lakini uliza njia. Wanaweza kupitisha mpira wenye kamera mdomoni mpaka kwenye utumbo bila kumpasua. Hiyo haina kidonda, ila haifiki kila mahali na kinyama chake ni chembamba. Au wampasue tumbo, wachukue kinyama chenye tabaka zote. Jibu linakuwa na uhakika zaidi, lakini mwenye kisukari kidonda chake hakina haraka ya kupona. Mimi, kama daktari akisema sehemu iliyonenepa inafikiwa na mpira, ningeanza na huo. Siku hiyo atakaa bila kula, basi wakuandikie kabisa insulini umchome kiasi gani na saa ngapi. Na jambo moja ulisimamie kwa sauti: wasimwanzishie steroidi kabla ya kinyama kuchukuliwa. Steroidi huzisinyaza chembe hizo, kisha maabara wanashindwa kusema walichokiona.

Unaniuliza kwa nini hukugundua mapema. Ungegunduaje? Paka mwenye kisukari hula sana na kukonda. Paka mwenye limfoma hii naye hukonda, na kuna wanaokula vizuri tu huku wanakonda. Alipopungua uzito wa kila mtu aliitazama sukari, na sukari kweli ilikuwa na makosa yake. Ni mpaka kutapika kulipozidi ndipo mtu angeuliza zaidi, na ndipo ulipouliza.

Basi nikuambie ningefanya nini, maana najua hukuniandikia ili nikupe nadharia.

Ikitoka ya chembe ndogo, mtibu. Dawa kuu inaitwa klorambusili. Ni vidonge vidogo, vinakaa kwenye friji, havikatwi wala havisagwi, na unavishika kwa glavu. Mchanga wake wa choo nao uusafishe kwa glavu, kwa sababu dawa hutoka na mkojo na kinyesi. Mwenye mimba asivishike kabisa, na ule mchanga pia asiuguse. (Sikuulizi kitu. Nasema tu kwamba kama kuna habari, mama yako asiwe wa mwisho kujua.) Atatolewa damu kila baada ya muda kutazama chembe nyeupe, kwa sababu dawa hii huzishusha. Anaweza kukosa hamu ya kula siku mbili tatu, na kwa paka mwenye insulini siku hizo ndizo za kukaa macho. Manyoya hayatamtoka kama unavyowaona wagonjwa wetu wa saratani wakibaki na vipara. Paka mara nyingi hupoteza ndevu tu. Wanyama hawapewi dozi kubwa za kujaribu kuung'oa ugonjwa mzima kama wanavyopewa watu. Wanapewa za kuutuliza ili waishi vizuri. Hilo likuondolee ile picha ya shangazi yako Mwanahamisi uliyonayo kichwani, maana najua ndiyo inayokutisha.

Ikitoka ya chembe kubwa, mimi nisingemtibu kwa dawa za mshipani. Wapo watakaokwambia vinginevyo, na kwa paka mwenye miaka saba asiye na kisukari labda nami ningesema vinginevyo. Lakini huyu ni Chausiku. Anaingia chini ya kitanda akiona kikapu cha kusafiria. Sukari yake hupanda akibebwa tu garini, umeniambia mwenyewe. Dawa mojawapo inayotumika, doksorubisini, inaweza kumuumiza figo, na prednisoloni imo karibu kila mara katika mchanganyiko huo. Utakuwa unanunua miezi, na sehemu ya miezi hiyo ataitumia ndani ya kikapu.

Mtu mzima akiugua, tunamweleza: vumilia wiki hizi sita, Ramadhani itakukuta umepata nafuu. Anavumilia kwa sababu anaiona hiyo Ramadhani. Paka haioni. Yeye ana leo yake: je, leo nimekula, leo kuna jua dirishani, leo tumbo linauma? Kwa hiyo usipime matibabu kwa urefu wa maisha atakayopata. Yapime kwa zile siku za matibabu zenyewe. Kama siku nyingi za dawa ni siku anazozitaka, endelea. Kama ni siku anazozilipia ili apate nyingine asizozijua, wewe ndiye unayezitaka, si yeye.

Kutompa dawa za saratani si kumtupa. Utumbo ulioharibika hivi mara nyingi haunyonyi vitamini B12, na sindano zake ni rahisi, zinamrudishia nguvu. Iko dawa ya kichefuchefu, iko ya hamu ya kula inayopakwa ndani ya sikio, ziko za maumivu. Insulini inaendelea. Ila za maumivu zitoke kwa daktari. Panadoli usimpe hata nusu, inamuua paka. Na hiyo dawa mpya ya maji uliyoisikia, ya kisukari, ya kumeza mara moja kwa siku badala ya sindano, usiirukie. Haimfai paka anayekonda na kula kwa kusuasua; inaweza kumtia kwenye hali ya damu kuwa na asidi huku kipima sukari kinakuonyesha namba nzuri.

Kuhusu pesa. Dada yako kaandika kwenye kundi la familia kwamba pauni hizo zingesomesha mtoto. Huenda ni kweli. Mbona gari la mumewe halikusomesha mtoto? Pesa ni yako, na mnyama yuko kwenye dhamana yako. Unalikumbuka lile la madrasa la mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Ila mimi nami nasema: usikope. Paka haijui deni, lakini wewe utalilipa akiwa hayupo, na huzuni ya namna hiyo ina uchungu wa aina mbaya. Soma ile bima. Kisukari pengine hawakilipii kwa sababu kilikuwepo kabla hujakata bima, lakini saratani ni ugonjwa mpya, usikubali wakuchanganyie. Waandikie, wakujibu kwa maandishi, kabla kinyama hakijachukuliwa.

Kisha kaa na mumeo mwandike karatasi, leo, ukiwa na akili yako. Daktari mmoja wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo ambacho madaktari wengi wa wanyama wanakijua: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazishinda mbaya. Kila kimoja unakipa alama mpaka kumi, kumi ikiwa ndiyo hali njema kabisa, na jumla ikivuka 35 unaendelea kumhudumia. Kipimo kizuri, muulize daktari wako. Lakini mimi ningeongeza vya Chausiku mwenyewe, vile usivyoweza kujidanganya navyo. Anakuja mlangoni ukirudi kazini? Anajilamba, au manyoya yameshikana? Anakubali sindano kwa kiburi chake kile, au analala tu umfanye utakavyo? Andikeni ni kipi kikiondoka mnaacha vidonge. Mkingoja kuandika siku ile yenyewe, mtaandika kwa machozi, na machozi siku zote yanaomba wiki moja zaidi.

Na ile sindano ya mwisho, nimejua umeikwepa kwenye ujumbe wako. Masheikh hawana kauli moja. Vitabu vya Shafi, madhehebu yetu ya pwani, ni vigumu katika kumuua mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha. Wengine wanaruhusu akiwa anateseka na hakuna tumaini, wakishikilia ile hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata kuchinja mtu achinje vizuri. Mimi moyo wangu uko na hawa wa pili, lakini moyo wangu si fatwa. Msikiti wako hapo una imamu, nenda ukamwulize sasa, Chausiku akiwa bado anakula, ili siku hiyo usiwe unatafuta namba ya simu saa nane ya usiku.

Safari yako ya Desemba usiifute bado. Lakini sindano mbili kwa siku, na vidonge vya glavu juu yake, si kazi ya kumwachia jirani anayekuja kumwaga chakula kwenye sahani. Yule rafiki yako Msomali aliyekuwa akimchoma bibi yake insulini, mwite akuone unavyofanya, afanye mbele yako, na ajue asali iko wapi. Ukikosa mtu, baki naye. Hapa hakuna atakayenuna isipokuwa baba yako, na huyo niachie mimi. Majibu ya kinyama yakitoka nitumie picha ya karatasi yenyewe, si maelezo yako.

Wako mama,
Tanga