Bajeti ikichelewa, mishahara Kasulu inasimama?

Ndugu yangu unayeuza saruji, usiogope: mishahara haisimami siku hiyohiyo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sheria ya matumizi, yaani sheria ya Bunge inayoruhusu fedha za bajeti zitumike, isipoanza kutumika kufikia hapo, Ibara ya 139 ya Katiba ya Tanzania inamruhusu Rais kuidhinisha fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina, kapu kuu la fedha za Serikali, kwa matumizi ya lazima ya Serikali. Muda wa ruhusa hiyo ni miezi minne tangu mwaka kuanza, au mpaka sheria hiyo ianze kutumika, lolote litakalotangulia. Kabla shilingi haijatoka, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu lazima ajiridhishe kwamba imeidhinishwa kisheria. Deni la Taifa lenyewe halisubiri Bunge, linalipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu.

Marekani ni tofauti: huko bajeti wala muswada wa fedha za muda usipopita kufikia Oktoba 1, mwanzo wa mwaka wao wa fedha, ofisi nyingi zinafungwa. Hapa Bunge likiikataa kabisa bajeti, Rais anaweza hata kulivunja (Ibara ya 90), na ndiyo maana kukwama ni nadra mno.

Panapouma ni miradi mipya. Matumizi ya lazima ni mishahara, dawa, mafuta ya gari la wagonjwa. Msingi mpya wa zahanati haumo. Kwa hiyo, ndugu yangu, usishushe hata mfuko kwa ahadi ya mdomo. Dai kwanza hati ya kununulia iliyotolewa na mfumo wa kompyuta wa Serikali, yenye kifungu cha matumizi cha mwaka huu mpya, yaani namba ya fungu la bajeti litakalokulipa. Bila kifungu, mhasibu hana pa kukulipia.