Kwa Wadogo Zetu wa Kozi ya Filamu, Kabla Hamjaazima Kamera

Filamu fupi za mwaka wa pili zimeanza kukusanywa, na makosa ni yale yale ya waliotangulia. Waliobadilika ni waigizaji tu. Nyinyi mnaoingia sasa, someni haya kabla hamjasaini kitabu cha stoo. Skripti, shoti na klapa mnazijua, sitapoteza muda huko.

1. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja kwenye skrini. Mmeambiwa filamu ya dakika 10, mnaleta kurasa 22 zenye harusi, msiba na ajali ya basi. Kikundi cha wanafunzi chenye kamera moja kikijitahidi kinamaliza kurasa 3 au 4 kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe, halafu mchague: harusi au msiba. Basi liacheni kabisa.

2. Sauti. Hapa tukae kidogo.

Kila muhula kuna kikundi kinachofanya hivi. Kimepewa chumba cha rafiki huko Sinza: bati juu, feni ukutani, friji pembeni, bodaboda zinapita dirishani. Kamera iko mita mbili na nusu kutoka kwa mwigizaji, na maiki inayotumika ni ile iliyomo ndani ya kamera. Kiwango cha sauti kimeachwa kwenye otomatiki. Hedifoni zimebaki kwenye begi, kwa kuwa "tunasikia vizuri tu". Mnasikia, ndiyo, masikio yenu yamo chumbani na mwigizaji, na ubongo umeshaizoea friji. Maiki haizoei kitu.

Mwigizaji akinyamaza, otomatiki inadhani sauti imepungua, inaipandisha, na friji inajaa chumba kizima. Akianza kusema, inashuka ghafla baada ya silabi ya kwanza kupasuka. Mkifika kwenye uhariri, kila mkato unakuja na kelele yake: shoti ya mama ina friji, shoti ya binti haina, kwa sababu wakati huo friji ilikuwa imejizima yenyewe. Mnaleta programu ya kuondoa kelele. Inakula kelele, na inakula s na f pamoja nayo, hadi mama anasikika kama yumo ndani ya pipa. Mnaamua kurekodi maneno upya. Binti yuko Mtwara kwenye mafunzo kwa vitendo, na mama hapokei simu kwa sababu nauli yake hamjampa mpaka leo. Mwisho mnafunika kila kitu kwa wimbo wa Bongo Fleva mlioupakua. Sasa matatizo ni mawili: mazungumzo hayasikiki, na wimbo una mwenyewe. Tamasha la filamu litataka kibali cha muziki huo, nanyi hamna.

Msahihishaji hawezi kutoa alama kwa mazungumzo asiyoyasikia. Picha ikiwa na giza kidogo anaweza kudhani mmekusudia. Friji hakuna anayedhani mmeikusudia.

Fanyeni hivi. Nendeni eneo la kurekodi saa ile ile mtakayorekodi, si Jumapili asubuhi mtaa ukiwa umelala. Washeni rekoda, vaeni hedifoni, mnyamaze dakika 3, mwandike kila mnachosikia. Adhana ina saa zake, kengele ya shule ina saa zake, na fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani naye atawaambia za kwake mkimwendea kwa heshima. Friji izimwe, na funguo za nyumba ziwekwe ndani yake, ili asiondoke mtu kabla ya kuiwasha tena. Nyama ya mwenye nyumba ikioza, chumba hicho hamtapewa tena, wala wanaokuja nyuma yenu. Feni nazo zizimwe. Magodoro na mablanketi yaegemezeni kwenye kuta zisizoonekana, na moja litandikwe sakafuni, kwa sababu chumba cha saruji na vigae kina mwangwi usiotoka vizuri kwa programu yoyote. Mvua ikianza kupiga bati, mnywe chai msubiri.

Maiki ikae juu ya mwigizaji, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, ikielekea kifuani. Anayeshika bumu (fimbo ndefu ya maiki, si lile la Bodi ya Mikopo) avae hedifoni muda wote, na akisema teki (rekodi moja ya shoti) irudiwe, irudiwe, mwongozaji asinune. Rekoda iwe kilohezi 48, biti 24, otomatiki imezimwa. Vilele vya mazungumzo vicheze kati ya desibeli -18 na -12, visifike sifuri, ambapo sauti hupasuka, hata mwigizaji akipiga kelele. Mkitumia maiki ndogo ya nguoni, ibandikwe kwa plasta sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kitenge kipya kinakwaruza kila mtu anapopumua, kifueni kwanza. Klapa, kile kibao cha kugonga, ipigwe kila teki. Na kabla ya kufungasha, kila mtu asimame hapo hapo alipo, mrekodi dakika 1 ya ukimya wa chumba hicho. Hiyo ndiyo mhariri ataitandaza chini ya mikato yote ili isisikike ikiruka. Dakika hiyo ni ngumu kuliko siku nzima, maana hakosekani wa kucheka.

3. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi hupandisha taa mara mbili, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera iwe fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na shuta, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, ili kila fremu ipate mipigo miwili kamili ya taa. Mkiacha fremu 30 na shuta 1/60, picha itacheza mistari, na mistari hiyo kuitoa baadaye ni kazi ya kulia. Simu nyingi huanza na 30. Tafuteni programu inayokubali 25.

4. Huku kwetu jua linazama upesi. Likishazama mna kama dakika 20 za mwanga wa kufaa, na mkianza kubishana shoti ipi itangulie, zimekwisha. Za nje rekodini kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Saa 6 mchana jua la utosini linatia kivuli cheusi kwenye macho ya kila mtu. Ingieni ndani mfanye za ndani. Ndani nako, msimbandike mwigizaji kwenye ukuta mweupe huku kamera iko otomatiki: itapima ukuta, na uso utabaki giza. Pimeni uso, kiwango cha mwanga kwenye kamera mkiweke wenyewe. Msogezeni mita 2 mbele ya ukuta, upande wa kivuli simamisheni lile povu jeupe la kwenye boksi la televisheni, lirudishe mwanga usoni. Ni la bure.

5. Mwendelezo, yaani kuhakikisha shoti moja inafanana na inayofuata, apewe mtu mwenye macho, si yule aliyechelewa kufika. Kanga ina maandishi, na watazamaji wetu wanayasoma! Mama akiingia jikoni na msemo huu akatoka na mwingine, ukumbi utacheka katikati ya kifo. Kila shoti, mpigeni mwigizaji picha ya simu mwanzo na mwisho: kanga, nywele, saa ya mkononi, chai imebaki kiasi gani kikombeni. Na muulizeni mapema lini anakwenda kusuka.

6. Mkirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula karibu GB 45, kwa hiyo kadi ya GB 64 haifiki saa moja na nusu. Kadi haifutwi mpaka picha ziwe kwenye diski mbili, na mtu amefungua faili akaliona linacheza. Diski zilale nyumba mbili tofauti.

7. Wale mnaosema nadharia mtadesa, yaani mtanakili, sapu (mitihani ya kurudia) zinawasubiri. Insha ya uchambuzi si kusimulia hadithi ya filamu. Chukueni tukio la dakika 2 au 3, lichezeni bila sauti, mwandike kila shoti: ukubwa wake, sekunde zake, kamera inasogea au imetulia. Kisha lisikilizeni bila picha. Mkimaliza, hoja mtaiona iko wapi, na hakuna mtandao utakaokuwa nayo.

8. Barua ya idara ifike kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya siku ya kurekodi, si polisi wakishafika. Chakula cha waigizaji kiwe kwenye bajeti. Flashi ya kukusanyia kazi ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu ya mfumo wa FAT32 inakataa faili linalozidi GB 4, na ujumbe huo huwa unawatokea saa 5 usiku wa siku ya mwisho. Filamu ijaribuni kwenye projekta ya ukumbi wenyewe siku mbili kabla.

Betri zirudishwe zimechajiwa. Na waya wa maiki msiuzungushe kwenye kiwiko: nyuzi za ndani zinajipinda, zinakatika taratibu, na mwenzenu anakuja kugundua akiwa eneo la kurekodi, waigizaji wameshavaa.